Jumatano Niliyokunyima

Athumani mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Kisutu kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua mama yangu, hatawaachia mpaka mle. Kwa hiyo ninao muda. Nimefunga karakana mapema, mafundi nimewaambia waje kesho kutwa, na sasa nimeketi kwenye meza ya ukumbini na kalamu yako ya wino. Ulikuwa umekwisha kuifungasha, nikafungua sanduku lako nikaitoa. Unisamehe hilo kwanza, maana ndilo jepesi.

Habari za blanketi, za dawa ya malaria, za kutonunua vyakula vituoni treni inaposimama, mama yako amekwisha kukwambia, tena zaidi ya mara moja. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuandikia habari ya mkono wa baba yako mdogo Shomari. Habari yenyewe unaijua kuliko mimi, lakini hujapata kuisikia kutoka kwangu. Kuisema nimejaribu, nikashindwa. Mara ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita, ulipokuja karakana na barua ya kuitwa kwenye chuo cha waganga wasaidizi. Uliniona nikisimama na kuketi, na kusimama tena. Ukadhani ni furaha.

Nianzie mbali kidogo, wala si kwa kujitetea.

Nilipokuwa mdogo, babu yako alinipeleka shule. Kila siku baada ya adhuhuri vitabu vilifungwa, tukapewa majembe. Mwalimu wetu aliyaita masomo ya mikono. Masomo hayo yalikuwa kulima muhogo wake, kumchotea maji, na kulikandika upya jiko lake mvua ilipolibomoa. Nilitoka darasa la nne hodari wa kunyoosha matuta, na barua kama hii nisingeweza kuiandika. Kuandika nilijifunza ukubwani, hapa Kariakoo, kwa kusoma vipande vya magazeti tulivyofungiwa misumari dukani. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba mtoto anafundishwa kwa mikono, mimi nasikia jembe. Na nilikwisha kuapa kwamba mwanangu hatashikishwa jembe la mwalimu.

Ulipoingia mwaka wa pili wa sekondari ukatwambia umejiunga na chama cha huduma ya kwanza, kila Jumatano baada ya masomo, nilisema "vizuri" bila kusikiliza. Nilidhani ni mchezo kama mpira. Halafu nikaanza kuona. Jumatano moja ulirudi unanuka dawa ya kuoshea vidonda, mmekwenda kumsaidia mwuguzi wa zahanati. Jumatano nyingine ulirudi na matope hadi magotini, mmeshinda Buguruni mkichimba mtaro wa kuondoa maji machafu karibu na kisima wanachonywea watu. Mama yako alicheka, akazifua suruali. Alikupenda ulivyokuwa siku zile. Ulimfunga mkono kwa kanga yake mwenyewe, ukamwambia "umevunjika, usitikisike", akacheka mpaka akakohoa. Mimi niliyatazama yale matope. Nilikuona mimi mwenyewe katika shamba la muhogo.

Kisha ikaja Jumapili ile ya mkutano Mnazi Mmoja. Jua kali, watu wamejaa hata pa kuweka mguu hapana. Wewe na wenzako mlikuwa mmesimama pembeni na machela yenu. Mtu mmoja akaanguka katikati ya umati, mkaingia kumchukua. Nilikuwa nimesimama na mafundi wenzangu nilipoona machela inatoka, na aliyeshika mbele ni wewe, shati limechafuka kwa matapishi ya yule bwana. Mbaraka mshona viatu akanigusa bega. "Ramadhani, yule si mwanao? Mimi nilidhani anasomea ukarani, kumbe uhamali!" Watu wakacheka. Wewe ukaniona. Mkono wako mmoja ulikuwa na nafasi kidogo, ukanyanyua vidole kunisalimu, uso wote unacheka.

Niligeuza uso, Athumani. Nilijifanya natazama jukwaa. Sijui kama uliliona hilo, na mpaka leo sijathubutu kukuuliza.

Kesho yake, Jumatatu, nilikuja shuleni. Mwalimu Gervas alinitolea kiti, sikukaa.

"Mwanangu nimemleta asome," nikamwambia.

"Anasoma, mzee. Ni wa tatu katika darasa."

"Basi asome. Kazi ya kubeba walevi mpe mtoto wa mtu mwingine."

"Yule hakuwa mlevi. Jua lilimzidi. Wangechelewa kumtoa pale, tungekuwa tunasema mengine."

"Jumatano haji tena."

Yule mwalimu mfupi, na chaki mkononi, alinitazama bila hasira. "Nakuomba kitu kimoja, mzee. Mwache amalize mafunzo haya ya kuzuia damu. Tuko katikati. Jumatano hii tu."

Neno hilo, katikati, nililisikia. Sikuuliza katikati ya nini. Nilisema, "Nimekwisha sema." Ulikuwa umesimama mlangoni na daftari lako. Nikakuuliza kama umesikia, ukajibu, "Ndiyo, baba." Na Jumatano ile ulirudi nyumbani saa nane na nusu, ukaja karakana, ukakaa unachambua misumari. Nilifurahi. Nilisema moyoni kwamba nimeuokoa wakati wako.

Siku tatu baadaye, Jumamosi, mimi na Shomari tulikuwa tunatia vioo kwenye kabati la duka la Bwana Ramji. Unalikumbuka kabati lile. Shomari alikuwa amelichonga nakshi miguu yote minne, maua madogo madogo, kazi ya wiki sita. Hapakuwa na mtu Kariakoo wala Ilala aliyeweza kuingia na patasi ndani ya mti kama yeye. Nilikuwa nimempa Bwana Ramji ahadi kwamba kabati litafika kabla ya adhuhuri, kwani alikuwa na wageni wa harusi ya binti yake. Tulipokiinua kioo kikubwa, kilipasuka, na kipande cha chini kikampasua Shomari mkono wa kulia kwa ndani, kutoka karibu na kiganja kwenda juu.

Damu ilivyotoka sitaeleza. Mimi nilipiga kelele. Fundi mmoja alikimbia nje, mwingine alishika kichwa. Wewe ndiwe uliyetoka nyumbani mbio, ukamlaza chini, ukauinua mkono wake, ukakandamiza kwa kitambaa. Damu ilipoendelea ukachana shati lako, ukafunga juu ya kiwiko, ukapitisha kijiti, ukasokota mpaka ikasimama. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulimwambia, "Baba mdogo, nitazame mimi, usiutazame mkono." Na Shomari akakutazama.

Ilikuwa saa nne na robo. Uliitazama saa ya ukutani. Sasa najua kwamba hilo la kutazama saa mlikuwa mmekwisha kufundishwa, na hamkuwa mmefika kwenye lile linalofuata.

Ukasema, "Baba, tumpeleke hospitali."

Mkokoteni ulikuwa mlangoni, tayari, umefungwa magunia ili kabati lisikwaruzike. Nataka nikuandikie waziwazi nilichofanya, maana kwa miaka miwili nimekuwa nikijisimulia kwa namna nyingine. Nilisema, "Damu imesimama. Mpelekeni ndani alale, anywe chai ya sukari. Nikirudi kutoka kwa Ramji tutakwenda." Nikakata kioo kingine. Nikakitia. Nikapakia kabati kwenye mkokoteni.

Ulinijia mara ya pili nikiwa nafunga kamba. "Baba, vidole vyake vimekuwa vya baridi."

"Ametokwa na damu, ndiyo maana."

Mara ya tatu ulishika ubao wa mkokoteni. Hukupaza sauti. "Baba, tafadhali. Sijui kama inafaa kukaa hivi. Sikulifikia hilo somo."

Nami nikakuambia nini? Nikakuambia, "Nyamaza. Unataka kunifundisha mimi?" Fundi wangu alisikia. Niliutoa mkono wako kwenye ubao kwa nguvu.

Nimelifikiria sana neno langu lile. Watu wanasema mimi ni mtu mkali. Si kweli; mimi ni mwoga. Nilipoiona damu ya mdogo wangu niliogopa, na kabati lilikuwa kitu ninachokijua. Kioo nakijua, kamba naijua, njia ya kwenda kwa Ramji naijua. Hospitali sikuijua. Nikiogopa, huwa natoa amri. Ndivyo nilivyo. Ukikaa na watu wakubwa wa kazi huko uendako, na mmoja wao akaanza kufoka bila sababu ya maana, mtazame vizuri, huenda anaogopa. Na ukijiona wewe unafoka, jitazame.

Kwa Ramji walinikaribisha sharubati. Nikanywa. Niliporudi ilikuwa imepita saa nane, na nilipouona mkono wa Shomari, rangi yake, sikuhitaji mtu wa kuniambia. Tukampakia kwenye mkokoteni ule ule. Ulisukuma wewe. Mimi nilikimbia mbele nikisema "pisheni, pisheni", kana kwamba haraka ile ingefuta saa zilizopita.

Daktari akauliza, "Nani aliyefunga hivi?"

"Mimi, bwana."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Masaa matano! Hukulegeza hata mara moja?"

"Sikujua kulegeza."

"Anayefunga bila kujua kulegeza afadhali asishike kitu. Umeuua mkono wa mtu."

Watu wote waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, karibu kiasi cha kuona jasho likiteremka shingoni mwako. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: "Ni mimi." Hayakutoka. Nilingoja labda uyaseme wewe, ugeuke unioneshe kidole. Wewe uliitikia, "Ndiyo, bwana," ukatazama sakafu.

Jumatatu wakaukata, juu ya kiwiko.

Yaliyofuata uliishi ndani yake, mimi niliyatazama kutoka mlangoni. Mtaani walianza kusema yule ndiye aliyemkata baba yake mdogo mkono. Siku ile watu walipokuja kumjulia hali Shomari hapa kwetu, mama yako mdogo Mwanahawa, mkewe Shomari, alisema mbele ya wanawake wote, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Tumemsomesha mtoto aje kutumaliza. Mkono huu usimtoke machoni mpaka kaburini." Mimi nilikuwa hapa hapa ukumbini, nyuma ya pazia. Nawe ulikuwa pale kwenye kona unafanya hesabu za shule. Niliona kalamu yako ikisimama. Kisha ikaendelea. Nilikuja baadaye kuchungulia daftari: ulikuwa umeandika mstari mmoja mara nne.

Nilijua kwamba nilikuchelewesha. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, nikalificha. Lakini lile jingine sikulijua mpaka Mwalimu Gervas alipokuja karakana, kama mwezi mmoja baadaye. Safari hii mimi ndiye niliyemtolea kiti na yeye hakukaa.

"Nimekuja kukuomba ruhusa," akasema. "Athumani arudi chamani."

Nikamwambia, "Baada ya aliyoyafanya?"

Akatoa kijitabu chenye picha za mikono iliyofungwa, akakifungua. "Jumatatu ulipokuja, tulikuwa tumewafundisha kufunga. Jumatano iliyofuata tulifundisha kulegeza, kila baada ya dakika kumi na tano au ishirini, na kwamba mtu wa namna hiyo hakai nyumbani hata kidogo. Vijana kumi na wanane walikuwepo. Mmoja hakuwepo."

Nilikuwa na randa mkononi. Niliiweka.

"Athumani anajua?" nikamwuliza.

"Alinijia wiki ile ile, akataka kujua alikosea wapi. Nikamwonesha ukurasa huu. Aliusoma, akaufunga. Akaniomba nisimwambie mtu kwa nini hakuwepo. Akaniuliza kama naweza kumfundisha yaliyobaki bila baba yake kujua. Hilo nilikataa, ndiyo maana niko hapa."

Nikamwambia arudi. Hilo tu. "Arudi." Sikusema pole, sikusema nimekosa. Nilipokuja kula nilikuambia bila kukutazama, "Jumatano nenda shuleni kwako," ukajibu "Ahsante, baba." Uliniambia ahsante!

Tangu hapo nimekuwa nikikutazama kama mtu anayetazama nyumba yenye ufa. Nilikuona ukirudi Buguruni na matope, nikanyamaza. Nilikuona ukimfundisha mama yako kuchemsha maji ya kunywa na kuyafunika, na jirani zetu wakija kuuliza. Niliona unavyoongea na watu wazima walioogopa, taratibu, kwa majina yao, ukiwaambia unachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Mambo hayo sikukufundisha mimi. Shule yangu iliitumia mikono yangu. Yako ilikufundisha ujue mikono yako inafanya nini na kwa ajili ya nani. Nilizichanganya shule hizi mbili, na mwingine akalipia.

Mwaka jana nilikuja shuleni Jumatano moja bila kukuambia. Nilisema nimekuja kupima dawati lililovunjika. Nilisimama nje ya dirisha. Ulikuwa mbele ya wadogo wa mwaka wa kwanza, umemfunga mmoja mkono kwa kitambaa na kijiti. Sikujua kama ungeweza kukishika tena kijiti. Ukawauliza, "Sasa mnafanya nini?"

"Tunatazama saa."

"Halafu?"

"Tunalegeza."

"Na mgonjwa anakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Na mtu akiwaambia damu imesimama, hakuna haja?"

Ukasema, "Hamumsikilizi. Mnakwenda. Hata awe nani."

Mmoja akacheka akauliza, "Hata awe baba yako?"

Hukucheka. Ulijibu, "Hata awe baba yako." Ukaendelea kulegeza kile kitambaa.

Niliondoka bila kupima dawati. Nilipita Mnazi Mmoja nikakaa chini pale majani yalipo, mtu mzima mwenye futi mkononi, mpaka nilipoweza kusimama.

Sasa nikuambie la leo, maana ndilo lililonifanya nifungue sanduku lako na kutafuta kalamu. Leo baada ya kusali adhuhuri nilikwenda Ilala kwa Shomari. Nilimkuta barazani, Mwanahawa anachambua mchele pembeni yake. Nilitaka kusema naye faragha, halafu nikaona kwamba faragha ndiyo iliyonifikisha hapa. Nikasema mbele ya wote wawili.

"Shomari, siku ile Athumani alitaka upelekwe saa ile ile. Aliniomba mara tatu. Mimi nilikataa, nikapeleka kabati. Na jambo jingine. Somo la kulegeza lilifundishwa Jumatano ya wiki ile, na mimi ndiye niliyemzuia asiende. Mwalimu alinisihi. Nilikataa."

Shomari alikuwa na kikombe katika mkono wake wa kushoto. Akakiweka chini polepole.

"Hilo la mara tatu nalijua," akasema. "Nilikuwa nimelala, kaka, sikuwa nimekufa. Nilimsikia. Nilisikia na wewe ulivyomjibu."

"Ulijua?"

"Miaka miwili nimekula Idi nyumbani kwako nikingoja useme. Mtoto nilimwambia tangu nilipotoka hospitali kwamba simlaumu. Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Hilo la mwalimu ndilo sikulijua."

Mwanahawa alikuwa ameacha ungo. "Ulijua," akamwambia mumewe, "ukaniacha nimlaani mtoto?"

"Ningekuambia wewe, ungekwenda kumpigia kelele karakana kwake, mbele ya mafundi wake. Ni kaka yangu mkubwa."

Kisha akanigeukia mimi, yule mwanamke, na macho yake sitayasahau. "Shemeji, siku ile nyumbani kwako ulikuwepo. Ulinisikia."

"Nilikuwepo. Nilikusikia."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Alisimama, mchele ukamwagika, akaingia ndani. Shomari hakupaza sauti. Alisema tu, "Leo nenda, kaka. Nenda tu." Nilipofika barabarani akaniita, nikageuka haraka kama mtoto. Akauliza, "Treni yake ni saa ngapi?" Nikamwambia. Hakusema kama atakuja. Alitikisa kichwa akainama kukiokota kikombe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, mwanangu. Sikuandikii kwamba yamekwisha. Sijui kama ndugu yangu ataingia tena kwangu, na sina haki ya kumharakisha.

Lakini nimetembea kutoka Ilala mpaka hapa nikilifikiria jambo moja. Mwalimu alinifichia kosa langu kwa sababu ulimwomba. Shomari alinifichia kwa heshima. Wewe ulinifichia mbele ya daktari, mbele ya mama yako mdogo, mbele ya mtaa mzima. Nyote watatu mlikuwa mnanibeba, nami nilijiona natembea kwa miguu yangu. Ulifanya hivyo kwa kunipenda, au kwa kunihofu, au vyote viwili, sitakuuliza. Ninachotaka kukuambia ni kwamba haikunisaidia. Iliniacha niwe mdogo zaidi kila mwezi. Huko uendako watakuwepo wakubwa watakaokosea mbele yako, na mgonjwa amelala katikati yenu. Usiwabebe. Sema pale pale, kwa adabu yako ile ile, na wakikuambia unyamaze, sema tena. Mkono wa mtu hauna subira ya heshima zetu.

Na siku utakayokosea wewe, maana itakuja, usikae nyuma ya pazia ukingoja mtu akukute. Mimi nimekaa huko miaka miwili. Hakuna hewa.

Mtaani nitasema mwenyewe. Nitaanza na Mbaraka mshona viatu, kwa kuwa kwake habari ikiingia asubuhi, jioni iko Kariakoo yote. Waache waseme watakavyosema kuhusu Ramadhani seremala. Wewe jina lako litakuwa limerudi mahali pake, ijapokuwa hutakuwepo kusikia.

Mama yako hajui lolote katika haya. Nitamwambia leo mtakaporudi, wewe ukiwa unasoma. Atalia, na atakasirika, na ana haki.

Nilifikiria kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute huko njiani, treni ikiwa imekwisha kupita Morogoro. Ndivyo mtu mwoga angefanya, nami niliikunja kabisa nikaipeleka mpaka kwenye sanduku. Nimeirudisha mezani. Nitakupa mkononi mara mtakapoingia. Isome leo, humu ndani, nami nikiwa barazani. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikiwa hapa, ambapo unaweza kuniona uso. Ukitaka kuniuliza, uliza. Ukinyamaza nitangoja, mpaka kituoni, na baada ya kituo pia.

Nasikia sauti ya mama yako kwenye kona.

Ni mimi, Athumani. Si wewe. Ni mimi.

Baba yako,
Ramadhani